Somo la Dozi ya Pili

Dada aliyeingia ofisini asubuhi ile hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alisimama karibu na mlango, mkoba mkononi, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu, akamtazama Subilaga Mwaijande kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyepotezana naye miaka mingi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Subilaga alishazoea kuitwa hivyo. Wauguzi na wakunga elfu nne na mia mbili wa kanda nzima walimwita somo, na wengi wao hakuwahi kuwaona. Kila mmoja, alipokwenda kuhuisha leseni, alivalishwa utepe kichwani, akakaa dakika ishirini kwenye kiti cha kuegemea, akainuka akiwa na kitu ambacho hakukipata kwenye kitabu: kumbukumbu ya Subilaga akimtibu mama mwenye kifafa cha mimba. Hawakuisoma wala kuitazama kama picha. Waliikumbuka. Baridi ya bomba la sindano kwenye kiganja, mvua juu ya bati, na ule utulivu wa mkono unaojua unachofanya.

"Naitwa Nyamizi Kasanda," dada yule alisema. "Nimesafiri siku mbili, natoka zahanati moja kule magharibi. Nina swali moja tu, nikishalipata jibu naondoka. Yule mama wa kitenge chekundu. Ulipompa dozi ya pili ya magnesiamu, mkojo wake ulikuwa kiasi gani?"

Subilaga alifungua mdomo ajibu. Jibu halikuwepo.

Alirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua, kama alivyofanya mara mia mbele ya wanafunzi. Degedege lilishakoma. Saa nne zilikuwa zimepita tangu dozi ya kwanza ya magnesiamu iliyolikomesha. Aligonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka. Alihesabu pumzi: kumi na saba kwa dakika. Akachukua bomba. Kati ya pumzi na bomba hapakuwa na kitu. Wala si kwamba palikuwa na giza au ukungu. Pumzi, kisha bomba.

"Kaa kwanza," alisema. "Niambie kilichokupata."

Nyamizi akakaa. Alieleza bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyekwishaeleza mbele ya watu wasiomwamini.

Wiki tatu zilizopita aliletewa mama wa miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, presha juu, degedege mara mbili njiani. Akampa dozi ya kwanza bila kusita, na degedege likakoma. Mtoto akazaliwa. Saa nne baadaye ulifika wakati wa dozi ya pili.

"Goti liliruka. Pumzi zilikuwa kumi na nane. Basi mkono ukajua, somo. Si unajua unavyojua, maana ni mkono wako. Nikachoma. Mfuko wa mkojo ulikuwa pale pale chini ya kitanda na sikuinama kuutazama. Ulikuwa na mkojo wa vijiko viwili hivi, mweusi kama chai ya rangi. Figo zake zilikuwa zimesimama. Dawa haikuwa na pa kutokea, ikajaa mwilini. Baada ya nusu saa akaacha kupumua."

"Na kalsiamu ya kuizimua?"

"Iliisha. Niliita ndege ya dawa. Nikampulizia hewa kwa mkono dakika hamsini mpaka ndege ikatua. Yupo hai. Na mtoto yupo hai." Nyamizi aliuhamisha mkoba magotini. "Nimesimamishwa. Kikao cha nidhamu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wanasema somo limehakikiwa, kwa hiyo kosa ni langu, maana mwongozo wa maandishi unataka vipimo vitatu: goti, pumzi, mkojo. Ni kweli. Mwongozo ninaujua, ningeweza kuutaja nikiwa usingizini. Lakini siku ile mkono haukuuliza mwongozo. Ulikuuliza wewe."

Subilaga alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na mitatu kati ya hiyo alivaa sare nyeupe. Aliwahi kukemewa na madaktari, na mawaziri, na waume wenye panga. Hakuna aliyewahi kumwambia neno zito kama hilo.

"Una mahali pa kulala?" aliuliza.

"Bado."

"Utalala kwangu. Leo nina safari fupi."

*

Kituo cha Afya Itiki kilikuwa mwendo wa saa moja, katikati ya mashamba ya chai, na Subilaga alifanya kazi pale kabla ya kuhamishiwa makao makuu ya Mpango wa Masomo Hai. Karani wa masjala alimkumbuka. Alimfungulia chumba cha faili za karatasi, zile ambazo hakuna aliyezihamishia kwenye mashine, akamwachia ngazi.

Faili la Tumpe Mwasile, yule mama wa kitenge chekundu, lilikuwa safu ya tatu kutoka juu. Fomu ilikuwa na safu wima nne: saa, goti, pumzi, mkojo. Mwandiko ulikuwa wake. Chini ya neno mkojo, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, hapakuwa na hata tarakimu moja.

Aliendelea kusoma. Saa nne na dakika arobaini: *Mgonjwa hapumui.* Mstari unaofuata: *Kalsiamu glukoneti gramu moja, mshipani, polepole.* Na saini.

Subilaga aliukumbuka ule mstari. Alikumbuka kidole gumba chake kikisukuma dawa taratibu, akihesabu moyoni, mpaka kifua cha Tumpe kilipoinuka. Hicho ndicho kipande ambacho wapokeaji wote walikipenda. Wengine walimwandikia kwamba kilikuwa kinawatia moyo siku mbaya.

Saini ilikuwa ya Ambokile Mwasomola.

Alimkuta Ambokile shambani kwake, mzee sasa, akipanga parachichi kwenye kreti na kuzigeuza moja moja kutafuta michubuko. Alikuwa tabibu wa zamu pamoja naye kwa miaka kumi na moja, na aliposimama kumpokea mgongo wake ulichukua muda kunyooka.

"Ugonile, Subi. Leo umepotea njia?"

"Ambokile, nani alimchoma Tumpe kalsiamu?"

Aliiweka parachichi chini. "Umeona faili."

"Nimeona faili. Nataka nisikie kwako."

"Nilimchoma mimi. Wewe ulikuwa umesimama ukutani na mikono mdomoni." Alisema polepole, kama anayempa mtu habari ya msiba. "Nilipita tu kuchukua glavu. Nikaona mfuko mtupu, nikamwona mama, nikajua. Alipoanza kupumua ulikaa sakafuni ukalia mpaka mhudumu akaja kukuinua. Jioni ulikuwa unamsimulia matroni kwamba mimi nilikupa dawa nawe ukachoma. Wiki iliyofuata sikuwemo kabisa kwenye hadithi."

"Na hukunisahihisha?"

"Kesho yake ulikuwa na zamu, na wazazi kumi na tisa wodini. Nilitaka mkono wako ufanye kazi. Nilidhani ni uongo mdogo, wa kukushikilia mpaka upone. Sikujua kwamba siku moja watakuja na tepe zao kuukamua na kuugawa kanda nzima."

"Sikuwa nikidanganya, Ambokile."

"Najua. Ndiyo maana mashine yao ya kuhakiki haikugundua. Mashine inamshika mtu anayejua kwamba anadanganya."

*

Mfamasia Zuhura Kitwana, mkuu wa Mpango, alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na nyuma ya meza yake ukuta ulijaa grafu. Aliitazama mojawapo kabla ya kusema.

"Mama Mwaijande, kabla ya somo lako, kina mama thelathini na wanane walikuwa wakifa kwa kifafa cha mimba katika kanda hii kila mwaka. Mwaka jana walikufa tisa. Unajua kwa nini?"

"Dozi ya kwanza."

"Dozi ya kwanza. Zamani muuguzi aliye peke yake zahanati aliogopa. Alijua dawa, alijua kipimo, lakini alisubiri daktari apige simu, na mama akafa simu ikisubiriwa. Tuliwapa semina, tuliwapa vijitabu, walifaulu mitihani, na bado waliogopa. Wewe uliwaondolea hofu." Aligeuza kiti. "Nikilifuta somo hili leo, kumbukumbu haikatwi vipande kama mkate. Dozi ya pili ikiondoka, ya kwanza inaondoka nayo. Elfu nne watabaki na shimo, na kuandaa somo jingine ni miezi mitano."

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, natuma waraka: tazameni mkojo. Wataupata, watausaini."

"Nyamizi naye alisaini."

"Alisaini, ndiyo."

Nje, kundi la wauguzi waliokuja kuhuisha leseni lilikuwa likicheka uani, likisubiri kuitwa.

"Ipo njia ya tatu," Zuhura alisema hatimaye, "na sikupaswa kuitaja mimi. Kumbukumbu ya pili inaweza kupandwa juu ya ya kwanza, ya tukio lile lile, kutoka kwa mtu mwingine aliyekuwepo chumbani. Mpokeaji anabaki na zote mbili. Anakumbuka kuwa wewe, na anakumbuka kukuona. Tumeijaribu mara mbili na imeshika. Lakini sheria ya Mpango inasema mtoaji haonyeshwi katika aibu yake bila ridhaa yake. Watu elfu nne watakukumbuka ukiwa umesimama ukutani. Si kwa kusikia. Watakuwa wamekuona kwa macho."

"Aibu yangu siiogopi sana."

"Basi unaogopa nini?"

Subilaga alifikiri. Alitaka kusema kweli, maana siku hiyo alikuwa ameona uongo wa nia njema unakofikia.

"Naogopa mikono yao. Nimewapa ujasiri wa kupokea mtu anayepigwa degedege sakafuni kwenye zahanati isiyo na umeme. Sasa nawaonyesha kwamba mwenye ujasiri huo nusura aue. Wakianza kutetemeka kwenye dozi ya kwanza, watakufa wengine thelathini, na safari hii nitakuwa nimewaua kwa kusema ukweli."

"Sina grafu ya hilo," Zuhura alisema. "Siwezi kukuahidi."

"Nani amepewa haki ya kuwaficha?"

Zuhura aligeukia tena ukuta wa grafu.

"Hawa si watoto, Mfamasia. Ni wauguzi. Kila mmoja ana leseni yenye jina lake, na akikosea jina hilo ndilo linaloitwa kwenye kikao, si langu. Mtu anayebeba lawama ya dawa lazima ajue yote tunayoyajua kuhusu dawa. Hiyo ndiyo maana ya mafunzo. La sivyo tunawatumia tu kama mabomba ya sindano." Alivuta fomu ya ridhaa iliyokuwa mezani. "Nitasaini. Ila nataka niipokee mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

*

Ambokile alikuja Jumatatu asubuhi akiwa amenyoa ndevu na kuvaa koti. Mafundi walimvalisha utepe, wakamwomba asimulie polepole, tangu alipoamka siku ile. Utepe haunasi maneno. Unanasa kile kinachowaka nyuma ya maneno: joto, harufu, mshtuko wa tumbo. Ndiyo maana huchukua saa tatu kutoa kile ambacho mwingine atakipokea kwa dakika ishirini.

Saa nane mchana Subilaga aliketi kwenye kiti cha kuegemea. Nyamizi alikaa kando yake, kwa kuwa aliomba. Fundi akasema, "Fumba macho, mama," na bati la Itiki likaanza kunguruma kwa mvua.

Alikuwa mrefu kuliko alivyozoea. Goti la kulia lilimuuma. Alisukuma mlango wa wodi akitafuta glavu, na pale alimwona mwanamke aliyevaa sare, akiwa amebandika mgongo ukutani, macho yamemtoka. Ilimchukua muda kujua kwamba mwanamke yule ni yeye. Alikuwa mdogo! Hakukumbuka kama aliwahi kuwa na sura changa namna ile.

Alitegemea dharau. Alijiandaa kwa wiki nzima kuisikia dharau ya Ambokile kutoka ndani. Badala yake, macho ya Ambokile yalipoangukia mfuko mtupu wa mkojo, kilichompanda Subilaga kifuani ni kitu alichokifahamu kabla hajakitambua. Ilikuwa hofu ya mtu anayeona kosa lake mwenyewe. Na nyuma ya hofu ile, wazi kama picha ukutani, palikuwa na kitanda kingine, mama mwingine, na Ambokile akichoma dozi ya pili bila kuinama. Siku tisa kabla. Mama yule alipumua kwa shida usiku kucha, akapona. Hakuna aliyejua.

Kidole gumba, kikubwa na chenye kovu, kilisukuma kalsiamu polepole. Kifua cha Tumpe kikainuka.

Subilaga alifumbua macho. Ambokile alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, kikombe cha chai mkononi, hajakinywa.

"Siku tisa kabla," Subilaga alisema.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana uliuona mfuko haraka."

"Tangu siku ile nilikuwa siingii wodini bila kutazama chini ya vitanda, kama mwizi." Alitabasamu kidogo. "Nilijua litatoka, Subi. Walinieleza kwamba utepe hauchagui. Nilikaa nalo usiku mzima nikajisemea, kama wewe unaweza kusimama ukutani mbele ya watu elfu nne, mimi na uzee huu naogopa nini?"

Nyamizi aliwatazama wote wawili. "Kwa hiyo hata nyinyi," alisema, kisha hakumalizia. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika mji ule alilia. Subilaga alimwacha alie. Hakumfuta machozi wala kumwambia yaishe.

Somo la pili lilianza kutolewa siku iliyofuata. Subilaga alidai jambo moja zaidi, na Zuhura alikubali baada ya mabishano ya mchana mzima: asiondoke mtu akiwa ametoka tu kwenye utepe. Kila kundi la watu kumi liliingia darasani, likafungua mwongozo wa karatasi, likajadili kwa sauti kwa nini magnesiamu hutoka kwa njia ya figo peke yake, na nini hutangulia kupotea, goti au pumzi, na kwa nini muuguzi asisubiri goti lipotee ndipo ajue figo zimesimama. Walibishana. Wengine walikasirika. Mkunga mmoja mtu mzima alisimama akasema mbele ya Subilaga kwamba ametapeliwa, na Subilaga akamjibu, "Una haki," akamwachia nafasi aendelee.

*

Kikao cha nidhamu kilifanyika Ijumaa kama kilivyopangwa. Subilaga alikwenda na faili la Itiki kwapani, akaomba kuwa shahidi.

Mwenyekiti, aliyekuwa amevaa miwani mizito, alimuuliza kama anaelewa kwamba ushahidi wake unaweza kumletea adhabu yeye mwenyewe.

"Naelewa. Huyu alifanya nilichomfundisha. Alipokosea, alimpulizia mgonjwa hewa kwa mkono dakika hamsini. Hilo sikumfundisha, hilo ni lake."

Nyamizi alirudishiwa leseni siku ile ile. Subilaga alipewa onyo la maandishi na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya watoaji, na hakukata rufaa. Nje ya ukumbi Nyamizi alimkumbatia muda mrefu, kisha akakimbilia basi. Alikuwa na zamu Jumatatu.

Miezi minne baadaye Zuhura alimwita akamwonyesha grafu mpya. Dozi ya kwanza ilikuwa ikichelewa kwa dakika tatu kuliko zamani.

"Dakika tatu," Subilaga alirudia. "Na vifo?"

"Wawili tangu tuanze. Mwaka jana, kipindi kama hiki, watatu. Waliofika kuishiwa pumzi kwa sababu ya dawa, hakuna. Mwaka jana walikuwa sita, na kila mmoja tuliandika uzembe wa muuguzi." Zuhura alivua miwani. "Nimewauliza hizo dakika tatu wanafanya nini. Wanasema wanahesabu tena. Mikono haitetemeki, Mama. Inahesabu."

Kisha akasukuma mezani bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua, nyingine za mashine, nyingine za mkono, moja nyuma ya karatasi ya kalenda. Subilaga alizisoma akiwa amesimama. *Nami ninayo moja, ya insulini, mwaka wa tatu kazini. Nami ninayo, ya mtoto na morfini. Sijamwambia mtu. Nikitoa, mtanichukulia hatua?* Zilikuwa sitini na tatu.

"Baraza la wauguzi limekubali kuwalinda watakaojitokeza wenyewe," Zuhura alisema. "Lakini sitaki kunasa tena kumbukumbu isiyolinganishwa na faili. Namhitaji mtu wa kukaa nao kabla ya utepe. Mtu atakayesikiliza na kuuliza pale panaporukwa. Si kazi ya mtoaji, kwa hiyo onyo lako halizuii."

Subilaga alianza Jumanne. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkubwa wa mwili, aliyekuja na faili lake la zamani likiwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili lisilowe. Alikaa, akalitoa, akaliweka mezani, akalifunika kwa viganja vyote viwili. Nje mabomba ya maji yalikuwa yakifunguliwa na kufungwa, watu wakinawa kabla ya zamu.

"Sijui nianzie wapi," alisema.

Subilaga alisogeza kiti chake karibu.

"Anza na jina la mtoto," alimwambia.